Mwamba na Tanuri la Mama Gunvor

Ladislaus Mwamba aliingia katika mambo ya Warumi kwa bahati mbaya, na mkosaji alikuwa bango.

Ilikuwa Septemba 2007. Mwamba alikuwa na miaka hamsini na mmoja, anakaa Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, mwisho wa reli, pamoja na mkewe Hortense na kitindamimba wao Gaëlle. Alfajiri alipanda treni kwenda uwanja wa ndege wa Arlanda kusafisha ndege, mchana alirudi akalala saa moja, na jioni alikuwa na maoni. Maoni yake yalihusu kuta. Mtu akimkaribisha kwake kwa chai, Mwamba hakuketi kabla ya kupitisha kiganja ukutani, kugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, na kutikisa kichwa kama daktari aliyeona mambo asiyopenda kuyasema mbele ya watoto. Kwao Kalemie, mji wa kando ya ziwa, alikuwa mwashi, na baba yake alikuwa mchoma chokaa. Sweden ilikuwa imempokonya mwiko ikampa mashine ya kufyonza vumbi, lakini macho ilimwachia.

Mwaka ule kanisani walimkabidhi igizo la Krismasi. Sababu ilikuwa sauti yake. Mwamba hakujua kunong'ona, na mchungaji aliona ni heri sauti ile ipewe kazi kuliko iachwe izurure wakati wa mahubiri. Mwamba akaichukua kazi hiyo kama alivyochukua kila kitu, yaani kwa uzito wa saruji. Akaanza kutafuta mahali pa kujifunza uigizaji. Ndipo, kwenye mlango wa maktaba, akaliona bango: TEATERN I GALLIEN, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, duara la kusoma, wote mnakaribishwa.

Neno la kwanza alilijua, ni mambo ya maigizo. Gallien hakuijua.

"Gaëlle, Gallien ni wapi?"

"Vet inte, pappa," Gaëlle alijibu kwa Kiswidi chake, sijui baba, bila kuinua macho kwenye simu.

Mwamba akaamua mwenyewe kwamba Gallien ni ukumbi fulani upande wa mjini. Jumanne akavaa koti na tai, akatia mfukoni daftari lenye maneno ya Mfalme Herode, akaenda.

Aliwakuta Waswidi sita wa umri wa kustaafu wamekaa kuzunguka meza, na mbele yao mama mrefu mwembamba, nywele nyeupe, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Ukutani palimulikwa picha ya mlima mdogo wenye majani, mawe yaliyotawanyika, na kondoo watatu. Mwamba akafurahi. Akadhani ni mandhari ya Bethlehemu.

"Samahani," alisema, na kikombe cha mtu kilitetemeka kwenye kisahani chake. "Waigizaji ni akina nani?"

Yule mama akaweka mikono yake miwili kifuani. "Swali zuri ajabu! Miaka thelathini na zaidi najiuliza hilo hilo. Hatujui! Hakuna jina hata moja lililobaki."

Ilimchukua Mwamba robo saa kuelewa kwamba Gallien ni Galia, jina la kale la nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kwamba ukumbi wenyewe ulijengwa na Warumi na umekufa tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Na kwamba kondoo wale ni kondoo kweli. Angeweza kuondoka. Lakini kahawa ilikwisha kumiminwa, na mbele yake liliwekwa andazi la mdalasini kubwa kama kiganja, naye alikwisha kuling'ata. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kusimama na kwenda zake na andazi la watu mdomoni.

Akakaa. Na alipokaa, akaanza kutazama mawe.

Yule mama aliitwa Gunvor. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, mstaafu wa miaka sitini na minane, na ujanani alikwenda majira manne ya kiangazi kuchimba katika kijiji kiitwacho Courvenay. Huko, kwenye ubavu wa mlima, Warumi walikuwa wamejenga ukumbi wa maigizo wa nusu duara: ngazi za kukalia zimepangwa juu ya mteremko, chini yake uwanja mdogo, na mbele ya uwanja jukwaa. Watu elfu sita waliingia. Sasa yalibaki mawe ya mchanga ya rangi ya manjano, na nyasi.

"Niite Gunvor tu," alimwambia Mwamba mwishoni, kama desturi ya Waswidi.

Mwamba alijaribu kwa nia njema, lakini mdomo ulikataa kumwita mwenye mvi kavu kavu kama anamwita mtoto dukani. Ikawa Mama Gunvor. Mwenyewe alipiga hesabu ya umri wao, akaona kwamba kwa taabu kidogo angeweza kuwa mama yake, akakubali.

Jumanne ya pili Mwamba alikwenda bila daftari la Herode. Ya tatu alikwenda na penseli ya useremala sikioni. Ya nne alikuwa amekwisha kuwakosoa Warumi mara tano.

"Ukuta huo una tumbo," alisema akionyesha picha. "Fundi hakutumia timazi."

"Ukuta huo umesukumwa na udongo kwa miaka elfu moja na mia nane, Ladislaus."

"Hata hivyo."

Hapa ni haki kusema kwamba kwa ukuta ule Mwamba alikosea. Mama Gunvor alimwonyesha mchoro: nyuma ya ukuta palikuwa na safu ya nguzo fupi zilizoupa mgongo, na mahali zilipokuwa nzima ukuta ulisimama wima kama askari. Mwamba aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akasema mwanga wa chumba si mzuri.

Jumanne ya sita ndipo lilipokuja tanuri.

Mama Gunvor alikuwa ameliweka akiba, kama mwenyeji anavyoficha kipande kizuri cha nyama chini ya wali. Alizima taa akaleta picha ya shimo la mviringo katikati ya uwanja wa ule ukumbi, limezungushiwa mawe, ndani jekundu. Sauti yake ikabadilika. Shimo hilo alilichimba yeye mwenyewe kiangazi cha 1974, akiwa bado kijana, kwa mikono yake. Alikuwa ameandika juu yake sura nzima ya kitabu chake cha chuo. Lilikuwa tanuri la mikate. Watu elfu sita, alisema, wamekaa tangu asubuhi kutazama maigizo, njaa inauma, na kutoka pale chini, harufu ya mkate wa moto inapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa maskini wanaokaa juu kabisa.

Wale Waswidi sita walivuta pumzi puani. Walikwisha kuisikia hadithi ile mara tatu, na kila mara waliipenda zaidi.

"Mama Gunvor," alisema Mwamba gizani. "Shimo hilo lina kina gani?"

"Mita tatu kasoro kidogo."

"Na mwokaji aliingiaje? Kwa ngazi?"

Mama Gunvor alivaa miwani akaitazama picha.

"Mkate unaokwa kwenye kitu cha kufika kiunoni," Mwamba aliendelea, na kadiri alivyojitahidi kuwa mpole ndivyo sauti ilivyopanda. "Unaingiza, unatoa. Hapo mkate ungeingia wenyewe, lakini kutoka ungehitaji winchi. Tazama, ndani kuna kizingo, kama benchi inayozunguka. Tazama mdomo chini, umeelekea upande wa upepo. Tazama mawe yalivyoiva mpaka yakawa kama kioo. Hiyo si kazi ya mkate. Hilo ni tanuri la chokaa. Baba yangu alikuwa nayo mawili. Nimelala juu ya ukingo wake nikiwa mtoto, nalijua kama ninavyoijua sufuria ya mama."

Taa iliwashwa. Mama Gunvor alikuwa mwekundu kama lile shimo lake.

"Na chokaa hiyo ingetoka wapi? Mawe ya Courvenay ni ya mchanga. Mawe ya mchanga hayatoi chokaa."

"Ngazi za kukalia zilikuwa za mawe gani?"

"Nyeupe," alijibu polepole. "Mawe ya chokaa. Yaliletwa kwa magari ya ng'ombe kutoka mbali, kwa ajili ya viti vya wakubwa. Yamepotea yote. Hatujapata hata moja."

Mwamba akafungua viganja vyake viwili. Kisha akaelekeza kidole kwenye picha ya lile shimo.

Tangu siku ile duara la kusoma liligawanyika. Waswidi watano walikuwa wa mkate. Wa sita, dereva wa basi mstaafu asiyependa ugomvi, alisema kwamba labda asubuhi walichoma chokaa na mchana wakaoka mikate, akakemewa na pande zote mbili. Igizo la Krismasi lilipita vizuri, ingawa Herode alizungumza kuhusu kubomolewa kwa majumba zaidi ya Biblia inavyoeleza. Januari duara lilirudi na vita vikaendelea. Nyumbani Mwamba alikuwa akilijenga lile tanuri kwa bugali kwenye sahani, anatoboa mdomo kwa kidole, anamwaga mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, kuonyesha moto unavyopita.

"Baba Gaëlle," alisema Hortense, "chakula hicho nilikipika kiliwe. Hakijaomba kufufua Warumi."

"Anasema ni mkate, Mama Gaëlle! Mwanamke msomi!"

"Na wewe unataka nini? Umwache bila mkate na umri huo?"

Hortense alikuwa na njia hiyo ya kusema jambo huku anaosha sahani, na jambo lenyewe linabaki chumbani baada ya yeye kutoka.

Mwisho Mama Gunvor alichoka. Duara lilikuwa limepanga tangu zamani kwenda Courvenay kiangazi, na jioni moja ya Aprili alimwekea Mwamba karatasi mbele. "Jina lako liko namba nane. Njoo ulione kwa macho yako, kisha uninyamazie."

Walikwenda Juni 2008, kwa ndege hadi Paris na basi dogo kutoka hapo. Katika ndege Mwamba alikagua chini ya viti, akasikitika.

Huko Ufaransa mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Kifaransa cha Mama Gunvor kilikuwa cha vitabuni, nacho kilikuwa na kutu ya miaka thelathini na minne. Wale wengine walijua kusema asante. Mwamba alikuwa amesoma kwa mapadri, kwa Kifaransa, tangu darasa la tatu. Hotelini, mgahawani, kwenye kituo cha mafuta, aliyekuwa mtu wa mwisho mezani akawa mdomo wa watu wanane, na ni lazima ikubalike kwamba aliutumia vibaya kidogo. Mama Gunvor aliposema maneno manne, Mwamba alitafsiri arobaini. Waswidi walipouliza mhudumu alijibu nini, aliwaambia, "Anasema ndiyo."

Courvenay palikuwa na makumbusho ya chumba kimoja na mtunzaji mmoja, Bwana Fournel, mnene, mchangamfu, mwenye funguo kiunoni. Aliwapeleka uwanjani saa sita mchana. Mwamba alitembea kimya katikati ya zile kuta za manjano, akapitisha kiganja, akagonga mara mbili. Safari hii hakutikisa kichwa. Alisimama kwenye ule ukuta aliousingizia kukosa timazi, akaupigapiga begani, kama mtu anayemwomba radhi mwenzake bila kutaka watu wasikie.

Shimo lilikuwa nyuma ya uzio, chini ya paa la mabati. Bwana Fournel alifungua kufuli. Mwamba alishuka kwa ngazi, na hakuacha kutaja kwamba ameshuka kwa ngazi. Chini, kwenye kona ya ile benchi ya mawe, aliona gamba jeupe limeganda.

"Nileteeni siki!"

Siki ilipatikana kwenye chupa ya mchuzi wa saladi ya yule dereva wa basi. Mwamba alidondosha matone kwenye jiwe la manjano la ukuta: kimya. Akadondosha kwenye udongo uliounga mawe ya tanuri: kimya. Akadondosha kwenye gamba jeupe, nalo likachemka, likatoa povu dogo lenye mlio kama soda.

"Chokaa!" sauti ilitoka shimoni, na kunguru wote wa Courvenay wakaruka.

Mama Gunvor aliinama juu ya ukingo. "Gamba moja," alisema. "Inaweza kuwa maji ya mvua yamebeba chokaa kutoka kwenye kuta za juu. Huo si ushahidi, Ladislaus." Lakini alisema taratibu, na miwani yake ilikuwa imeshuka mpaka ncha ya pua bila mwenyewe kujua.

Aliyeleta ushahidi ni Bwana Fournel, tena bila kukusudia. Mwamba alimweleza kwa Kifaransa ugomvi mzima, naye akacheka, akasema kwamba stoo ana makreti ya uchimbaji wa zamani ambayo hakuna aliyeyafungua tangu yeye aanze kazi. Labda wazee wangependa kuyatazama? Yakaletwa matano. Katika la nne, chini kabisa, palikuwa na kipande kizito kimefungwa kwa gazeti lililokauka.

Kilikuwa jiwe jeupe. Upande mmoja ulikuwa laini, umekatwa kwa ufundi, na juu yake zilichongwa herufi mbili, kubwa na nzuri, za jina la mwenye kiti. Upande wa pili ulikuwa umepasuka nyufa nyufa, wa kijivu na waridi, unaacha unga kwenye vidole. Moto ulikuwa umekula nusu, kisha kwa sababu ambayo hakuna atakayeijua, ukaacha. Mwamba alifahamu mara moja. Katika kila tanuri la baba yake vilibaki vipande vya namna hiyo, mawe yasiyoiva, na kazi yake utotoni ilikuwa kuyachambua na kuyatupa.

Jiwe lilikuwa limefungiwa kikaratasi kwa uzi. Mama Gunvor alivaa miwani vizuri akasoma kwa sauti: "Shimo la mviringo, chini. Kipande. Hakijulikani. Agosti 1974."

Akakigeuza kile kikaratasi. Kisha akasema, "Huu ni mwandiko wangu."

Mwamba alikuwa ameisubiri saa hiyo tangu Oktoba. Alikwisha kutengeneza hotuba, kwa Kiswidi, yenye mithali mbili. Sasa alimtazama yule mama mrefu aliyesimama na jiwe mikononi, na ile hotuba akaiacha. Alichoona ni mwanamke kijana, miaka thelathini na minne nyuma, amechoka na jua, anaosha mawe kwenye ndoo, amelishika hili, amelitazama, na kwa kuwa kichwani mwake mlikwisha kujaa harufu ya mkate, ameliandika halijulikani.

"Mchana ule kulikuwa na joto," alisema Mwamba. Ni kitu pekee kilichomjia.

Mama Gunvor alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akalazimika kuketi juu ya kreti. "Miaka thelathini na minne, Ladislaus! Nimewalisha watu mkate huo Uppsala, Lund, Oslo!" Akajifuta machozi kwa ncha ya skafu. "Profesa mmoja wa Oslo aliniambia anaisikia harufu."

Walikula chakula cha mchana juu ya ngazi za ukumbi, mahali pa maskini. Bwana Fournel aliwaonyesha kijiji kwa kisu cha jibini: kanisa lile, daraja, nyumba za zamani, kuta zote zimepigwa lipu kwa chokaa, na sasa walijua imetoka wapi. "Hata nyumba yangu," alisema, kama mtu aliyegundua kwamba ana ukoo na wafalme.

Mwamba aliacha kutafuna. Hasira ilimpanda, kubwa kuliko jambo lenyewe. "Watu wa namna gani," alisema kwa Kiswidi, "wanachukua kiti cha mtu, chenye jina lake, wanakitia motoni?"

Mama Gunvor alikuwa anamenya yai. "Watu ambao ukumbi kwao ulikwisha kufa," alisema, "na baridi inakuja, na nyumba hazina lipu."

Mwamba aliweka chini kipande chake cha mkate akageukia kijiji, na wenzake walidhani amechoka.

Jambo lenyewe ni hili, na katika duara hakuwa amelisimulia kwa yeyote. Mwaka 1994, huko Kalemie, Mwamba alijijengea nyumba. Msingi wa mawe, kuta za matofali ya kuchoma, veranda yenye matao matatu ambayo watu walipita kuyatazama baada ya misa. Aliikalia miaka minne. Vita vikaja, akakimbia na familia kuvuka ziwa. Nyumba ikapoteza paa, kisha milango, na mwaka 2003, wakiwa wamekwisha kufika Sweden, habari ikaja kwamba yaliyobaki yamebomolewa na Obedi, kaka wa Hortense. Obedi alikuwa amechukua matofali yote, matao yakiwamo, akajijengea vyumba viwili na jiko. Mwamba hakumtukana. Alifanya vibaya zaidi, alilifuta jina lake, lisitajwe tena nyumbani. Kwa miaka mitano Hortense alikuwa akizungumza na kaka yake kwenye simu bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Waliporudi Stockholm, Jumapili ya kwanza baada ya kanisa, Mwamba alimwomba Hortense kadi yake ya kupigia simu nyumbani, na namba.

"Namba ya nani?"

"Ya shemeji."

Hortense aliweka chini alichokuwa ameshika. Akaandika namba bila neno, akaenda kusimama korido, mahali ambapo mtu anaweza kusema kwamba hakuwa anasikiliza.

Simu ililia kwa muda. "Aloo?" ilisema sauti nyembamba ya mbali.

"Obedi. Ni Mwamba."

Ng'ombe alilia mahali fulani Kalemie. "Shemeji," sauti ilisema mwishowe. "Shikamoo. Shemeji, mimi... yale matofali..."

"Ulijenga na nini?"

"Eh?"

"Nauliza uliyaunga na nini! Hakukuwa na saruji mwaka ule. Uliyaunga na nini?"

"Nilibandua ile chokaa yako ya zamani," alisema Obedi kwa woga. "Nikaitwanga, nikaichanganya na maji."

"Ee Mungu wangu!" Mwamba alisimama, na jirani wa juu, ambaye alikuwa na mazoea, akagonga sakafu. "Chokaa iliyokwisha kushika! Haishiki mara ya pili, Obedi! Ni maiti hiyo! Umejenga nyumba kwa unga! Nani analala humo?"

"Mama analala chumba cha kwanza. Watoto cha pili."

"Mama mkwe wangu analala ndani ya unga!" Mwamba alizunguka meza. "Ukuta wa nyuma una nyufa?"

"Upande wa ziwa, shemeji. Moja. Ndefu."

"Kachukue kalamu. Nenda, kachukue, nasubiri. Sasa andika. Chokaa mpya, si ya dukani, nenda kwa wale wa tanuri, waambie wewe ni mtu wa mtoto wa mzee Mwamba. Izime kwa maji, iache ilowe wiki tatu, si siku tatu, wiki tatu..."

Alifundisha mpaka kadi ikaisha katikati ya mchanga, kipimo cha mchanga kikiwa bado hakijasemwa. Akabaki ameshika simu iliyokufa, anapumua.

"Na matao?" aliuliza Hortense kutoka korido.

"Sikuuliza."

"Ameyaweka jikoni, mbele. Yote matatu. Yanafanya jiko lionekane kama kanisa kuu, watu wanacheka." Alikuwa anajifuta macho kwa kiganja, na kwa mkono mwingine alikwisha kutoa kadi ya pili kwenye mkoba. "Haya, mmalizie mchanga wake. Usimwache na nusu ya dawa."

Mwaka uliofuata Mama Gunvor aliandika kurasa nne katika jarida la wataalamu wa mambo ya kale, za kusahihisha kosa lake mwenyewe. Kufanya hivyo kulimgharimu, kwa kuwa wenzake walikuwa wameupenda mkate ule, na mmoja alimwandikia kumuuliza kama ana hakika. Mwanzoni mwa makala aliandika kwamba tanuri lilitambuliwa na mwashi Ladislaus Mwamba wa Hagsätra. Mwamba alilisoma jarida hilo ndani ya treni ya Märsta, njiani kwenda kazini, akimwinamishia abiria wa pembeni ili naye afaidike. Kanisani alilitangaza. Mchungaji alikuwa na imani kwamba tangazo lingechukua dakika mbili.

Lakini makala hiyo ilifanya kazi ambayo hata Mama Gunvor hakuifikiria. Kampuni moja ndogo ya kukarabati majengo ya kale, upande wa Uppland, ilikuwa inatafuta watu. Makanisa ya zamani ya huko yalikwisha kupigwa lipu ya saruji na watu wa juzi, nayo yalikuwa yanaoza ndani kwa unyevu. Yalitaka chokaa, na vijana wanaojua kuzima chokaa walikuwa wachache. Msimamizi alimpigia Mama Gunvor kumuuliza kama yule mwashi wa kwenye makala yupo kweli, na kama anafanya kazi.

"Yupo," alisema Mama Gunvor. "Utamsikia kabla hujamwona."

Mei 2010, akiwa na miaka hamsini na minne, Mwamba alirudisha kitambulisho chake cha Arlanda. Siku ya kwanza kazini walimpandisha juu ya kiunzi, kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa lililojengwa miaka mia saba iliyopita, wakampa mwiko. Aliupima mkononi. Akaupindua, akaupindua tena. Kisha akaweka kiganja juu ya ukuta, na akakaa hivyo kwa muda, mpaka msimamizi aliyekuwa chini akadhani ameogopa urefu.

"Mwamba! Kuna tatizo?"

"Kuna!" ilijibiwa kutoka juu, na dirisha la ofisi ya parokia likafunguka. "Huyu fundi wa kwanza! Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Amekufa miaka mia saba, Mwamba."

"Hata hivyo!" alisema, akachota chokaa.